Kidonge Kinasema Nini? Jinsi Elimu ya Shimi Inavyopima Dawa



Katika mwezi wa 12 wa mwaka 2014 habari ya kuhuzunisha ilianza kusikika katika Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo, upande wa Adi, si mbali na mipaka ya Uganda na Sudani ya Kusini. Watu walifika hospitalini na katika vituo vya afya shingo ikiwa imekazana, uso umepindika, ulimi umejikunja ao unatoka nje bila wao kutaka. Kati yao walikuwa watoto wengi. Kwa kuwa shingo ilikazana, watu walifikiri kwanza kwamba ni meninjiti. Mpaka mwezi wa 8 wa mwaka 2015 wagonjwa walioandikwa walikuwa karibu elfu moja.

Waganga wa shirika la Waganga Wasio na Mipaka walianza kuuliza kwa uvumilivu: Mgonjwa alikula nini? Alikunywa nini? Alimeza dawa gani? Ikaonekana kwamba wengi walikuwa wamemeza vidonge vilivyoitwa diazepamu. Diazepamu ni dawa ya kutuliza: hulegeza viungo vilivyokazana, huzuia degedege, huleta usingizi. Basi wakatwaa mkojo wa wagonjwa, wakatwaa na vidonge vyenyewe, vikapelekwa kupimwa. Katika mkojo na katika vidonge ikaonekana dawa nyingine kabisa: haloperidoli. Hiyo ni dawa iliyotengenezwa mwaka 1958 na watu wa Paul Janssen, huko Beerse katika Ubelgiji, kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Ni dawa njema mkononi mwa munganga. Lakini mtu akipewa bila kipimo, na zaidi mtoto, inaweza kukaza shingo, kupinda uso na kuvuta ulimi. Mwezi wa 7 wa mwaka 2015 Shirika la Afya la Ulimwengu likatangaza habari hiyo kwa nchi zote.

Tufikiri kidogo. Mama anamleta mtoto usiku, uso umepindika, ulimi unatoka nje. Jirani mmoja anasema: «Ni ulozi.» Mwingine anasema: «Ni pepo.» Katekista anaamshwa, padri anaitwa. Na kumbe mwenye kosa si bibi mzee wa nyumba ya pili, wala si pepo: ni kidonge. Ni nani awezaye kukiuliza kidonge, kikajibu? Ndilo jambo nitakalo kulieleza hapa.

1. Macho hayatoshi

Katika filozofia tumejifunza kwamba rangi, sura, ladha na uzito si kitu chenyewe. Ni mambo yanayokifuata kitu. Vidonge viwili vyaweza kuwa na rangi moja, ukubwa mmoja, uchungu mmoja, hata maandishi mamoja juu yake, na ndani yake visifanane. Tena kidonge kizima huweza kuwa na uzito wa miligramu 100 ao 200, na dawa yenyewe ni miligramu 5 tu. Yote mengine ni wanga, sukari ya maziwa na vitu vingine vya kukishikamanisha. Mwenye kudanganya hana kazi kubwa: wanga anao, sukari anayo, mashini ya kugandamiza anayo. Inayokosa ni dawa.

Basi mtu wa shimi, elimu ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kemia, anafanya nini? Anafuata neno ambalo kila mseminari amelisikia: agere sequitur esse, yaani kila kitu hutenda kadiri ya kilivyo. Hawezi kuona kiini cha kitu kwa macho. Lakini aweza kukilazimisha kitende: akiyeyushe, akichome, akipitishe katika mwangaza, akishindanishe na kitu kingine katika mbio. Kwa matendo yake kitu hujitangaza.

Mtu asichanganye mambo hapa. Tunaposema mtu wa shimi anatafuta «ni kitu gani», tunasema juu ya vitu vya maumbile tu. Juu ya fumbo la Ekaristi shimi haina ulizo wala jibu. Itaona maumbo ya mkate na divai, basi.

2. Maulizo manne

Kazi yote ya kupima dawa yaweza kukusanywa katika maulizo manne.

La kwanza: Ni kitu gani? Chupa inasema diazepamu, je, ndiyo?

La pili: Ni kiasi gani? Chupa inasema miligramu 5. Vitabu vya sheria za dawa, viitwavyo farmakopea, kwa vidonge vingi huruhusu kati ya 90 na 110 kwa mia ya kiasi kilichoandikwa. Hivi kidonge cha miligramu 5 kisiwe chini ya 4,5 wala kupita 5,5. Ulizo hili si la watu wenye kupenda hesabu tu. Dawa ya malaria iliyo kidogo ni hatari kuliko watu wanavyofikiri: inaua vijidudu vilivyo zaifu na kuacha vyenye nguvu, navyo vinazaana. Mgonjwa haponi, na kijiji kizima kinaletewa malaria isiyosikia dawa.

La tatu: Kuna nini kingine ndani? Mwaka 1937 katika Marekani iliuzwa dawa ya maji iliyokuwa na sulfanilamidi. Dawa yenyewe ilikuwamo, tena ya kweli. Lakini ili iyeyuke, watengenezaji waliitia ndani ya dietileni-glikoli, kitu kitamu kinachoua figo. Watu zaidi ya 100 walikufa, na kati yao walikuwamo watoto. Kwa sababu hiyo mwaka 1938 Marekani ikaweka sheria kwamba dawa isiuzwe kabla ya kuonyeshwa kuwa haina hatari. Na katika mwaka 2022, miaka 85 baadaye, sumu ile ile ilionekana katika dawa za maji za watoto huko Gambia, ambako Shirika la Afya la Ulimwengu lilitaja watoto 66 waliokufa. Aliyeuliza ulizo la kwanza na la pili tu angeiacha dawa hiyo ipite.

La nne: Je, itafunguka mwilini? Dawa yaweza kuwa ya kweli, ya kipimo chema, safi kabisa, na hata hivyo isisaidie kitu, kwani haiyeyuki tumboni. Nitalirudia chini.

3. Mbio za rangi

Njia iliyosaidia kupita nyingine zote kujibu maulizo haya inaitwa kromatografia. Waliosoma Kigiriki watatambua maneno mawili: rangi na kuandika. Aliyeitunga ni Mrusi mmoja, Mikhail Tsvet, aliyekuwa akifanya kazi Warsaw mwaka 1903. Alisaga majani mabichi, akatoa maji yake ya kijani, akayamwaga juu ya bomba la kioo lililojaa unga wa chaki. Akaongeza maji ya kuyeyushia kidogo kidogo. Ile kijani moja ikaachana: chini mstari wa manjano, juu yake mistari ya kijani ya namna mbili. Jicho liliona kitu kimoja. Bomba likaonyesha vitu vingi.

Waseminari waweza kujaribu wenyewe. Kateni karatasi nyeupe inayonyonya, kama ile ya kuchujia kahawa, upana wa vidole viwili. Wekeni nukta ya wino mweusi wa kalamu ya feltre, wino unaoyeyuka majini, sentimeta 2 kutoka chini. Tieni maji kidogo ndani ya bilauri, msimamishe karatasi kusudi maji yaguse ncha ya chini tu na nukta ibaki juu ya maji. Ngojeni. Maji yanapanda, nayo yanavuta wino. Baada ya muda mfupi mtaona buluu fasi moja, nyekundu fasi nyingine, manjano tena mbali. Kwa nini? Kwa sababu kila rangi ina marafiki wawili: karatasi inayoishika na maji yanayoivuta. Inayopenda maji zaidi inafika mbali. Inayopenda karatasi inabaki nyuma. Hakuna rangi inayochagua: kila moja inatenda kadiri ya ilivyo.

Kwa vidonge wanafanya vivyo hivyo. Badala ya karatasi wanatumia kibao chembamba kilichopakwa unga wa silika. Kidonge kinasagwa, dawa inayeyushwa, nukta moja inawekwa kwenye kibao. Kando yake inawekwa nukta ya dawa ya kweli, ile inayojulikana hakika. Kibao kinasimamishwa ndani ya chupa yenye kifuniko na maji ya kuyeyushia chini yake. Yakipanda vya kutosha, kibao kinatolewa, kinakauka, na kinatazamwa chini ya taa ya mwangaza wa ultravioleti. Hapo dawa isiyo na rangi inaonekana kama doa jeusi. Ikiwa nukta mbili zimepanda sawasawa, kuna alama njema. Ikiwa ya kidonge imebaki nyuma ao imetangulia, kidonge kimesema uongo. Ikiwa fasi yake hakuna doa lolote, kidonge hakina dawa hiyo. Na doa likiwa hafifu kuliko lile la dawa ya kweli iliyopunguzwa mpaka 80 kwa mia, kuna sababu ya kushuku kipimo.

Kazi hii haitaki nyumba kubwa wala franka nyingi. Mfuko mmoja wa Kijerumani, Global Pharma Health Fund, umetengeneza sanduku liitwalo Minilab: ndani yake kuna vibao, chupa, taa na dawa za kweli za kulinganishia. Makanisa nayo yameingia katika kazi hiyo: tangu mwaka 2010 shirika la Difäm la Tübingen na mtandao wa dawa wa makanisa wenye kituo chake Nairobi wamewaunganisha wenye kutunza dawa za makanisa katika nchi mbalimbali, na Kongo ikiwamo, kusudi wapime wenyewe dawa wanazonunua.

Lakini tuwe wakweli. Kibao kitasema vema: «Hii si diazepamu.» Hakitasema kwa urahisi: «Ni haloperidoli», kama aliyekipima hakuwaza kuweka nukta ya haloperidoli kando yake. Kwa hiyo sharti tupande ngazi nyingine.

4. Mwangaza na mizani

Tukitaka kiasi kamili, tunaomba msaada wa mwangaza. Chukueni bilauri tatu za chai: moja nyepesi, moja ya wastani, moja nzito. Wekeni kila moja mbele ya dirisha. Chai nyepesi inapitisha mwangaza, chai nzito inauzuia. Mjerumani August Beer alionyesha mwaka 1852 kwamba kuzuia huku kunafuata hesabu ya hakika. Basi, mtu akipima kwanza chai ya majani gramu 1, gramu 2 na gramu 3, halafu aletewe chai asiyoijua, aweza kusema ina gramu ngapi, bila kuionja. Diazepamu haina rangi machoni petu, lakini inazuia mwangaza wa ultravioleti, na mashini inapima kiasi kilichozuiwa.

Katika laboratwari kubwa wameunganisha mambo haya mawili. Bomba la Tsvet limekuwa bomba dogo la chuma, urefu wa kalamu, limejaa unga laini sana. Pompi inasukuma maji ya kuyeyushia kwa nguvu. Na mwishoni kuna jicho la mwangaza. Kila kitu kinatoka kwa saa yake. Mashini inaandika vilima juu ya karatasi: saa ya kutoka inajibu «ni nani», ukubwa wa kilima unajibu «ni kiasi gani», na vilima visivyotazamiwa vinajibu «kuna nini kingine».

Tena kuna mizani ya ajabu. Francis Aston, katika Cambridge, aliitengeneza mwaka 1919 kwa ajili ya atomu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1922. Leo inapima molekuli. Molekuli inapewa umeme, inarushwa mahali palipotolewa hewa yote, na inapindishwa njia: iliyo nzito inapinda kidogo, iliyo nyepesi inapinda sana. Tukiuhesabu uzito wa atomu ya hidrojeni kuwa kama 1, molekuli ya diazepamu ni karibu 285, na ya haloperidoli ni karibu 376. Hapo hakuna rangi ya kidonge wala maandishi ya chupa yatakayosaidia mwongo. Tena mashini inaivunja molekuli vipande na kupima kila kipande, kama mtu anayetambua mtungi kwa vigae vyake. Ndivyo kitu kisichowazwa na mtu kinavyoweza kupata jina lake, hata kikiwa kidogo sana ndani ya mkojo wa mgonjwa.

5. Kila njia hujibu ulizo lake tu

Sasa nitasema jambo ambalo naliona kuwa kubwa kupita mengine. Watu wengi wakisikia kwamba kitu «kimepimwa katika laboratwari», wananyamaza, kama kwamba hukumu ya mwisho imetolewa. Si hivyo. Njia ya kupima ni kama shahidi mwaminifu lakini mwenye neno moja: anajibu alichoulizwa, basi.

Mfano wake ni maziwa ya Uchina. Mwaka 1883 mtu wa Denmark, Johan Kjeldahl, katika laboratwari ya kiwanda cha bia cha Carlsberg huko Copenhagen, alitunga njia ya kujua proteini katika chakula. Njia hiyo haipimi proteini yenyewe. Inapima azoti, kwani proteini ina azoti karibu 16 kwa mia. Wakipata azoti wanahesabu, wanasema: proteini ni kiasi hiki. Njia ni nzuri, imetumika ulimwenguni kote zaidi ya miaka mia.

Walakini watu wa hila walitambua mlango wake. Waliongeza maji katika maziwa ili yawe mengi. Maji yalipunguza proteini. Kusudi mapimo yasionyeshe upungufu, wakatia unga uitwao melamini, kitu cha kutengenezea plastiki. Melamini ina azoti karibu 67 kwa mia. Mashini ikauliza: «Azoti iko?» Maziwa yakajibu: «Iko.» Mashini haikudanganywa hata kidogo: ulizo lake lilijibiwa kwa ukweli. Waliodanganywa ni watu waliofikiri kwamba ulizo lile lilitosha. Mwaka 2008 mambo yakafunuliwa: watoto karibu 300 000 walikuwa wameugua, wengi wakiwa na mawe katika figo, na 6 walikufa. Tangu siku hizo wapimaji wanaitafuta melamini kwa jina lake, kwa kromatografia na mizani ya molekuli.

Nawaomba waseminari walishike jambo hili, kwani litawafaa nje ya shimi pia. Katika kungamisha, katika kuamua maneno ya ndoa, katika baraza la parokia, jibu la kweli laweza kumficha mtu ikiwa ulizo lilikuwa pungufu.

6. Dawa ile ile, kazi mbali mbali

Tulirudie ulizo la nne. Almasi ya Kasai na risasi nyeusi ya kalamu ni kitu kimoja: zote ni kaboni. Atomu ni zile zile. Zilivyopangwa ndiko tofauti. Kwa hiyo almasi inakata kioo, na risasi ya kalamu inapaka vidole.

Dawa nazo zina mpango wa namna hiyo. Mwaka 1996 kompanyi ya Abbott ilianza kuuza ritonaviri, dawa ya wagonjwa wa Sida. Mwaka 1998, bila kutazamiwa, dawa ilianza kujipanga namna nyingine ndani ya vidonge vyake. Molekuli ilikuwa ile ile, uzito ule ule, usafi ule ule. Bomba la chuma lisingepata kosa, mizani ya molekuli isingepata kosa. Lakini fuwele mpya, yaani punje ngumu zilizopangwa kwa utaratibu mpya, hazikuyeyuka kama zile za kwanza, na dawa isiyoyeyuka haiingii katika damu. Kompanyi ililazimika kuondoa vidonge vile sokoni na kutengeneza dawa kwa namna nyingine.

Namna gani fuwele hujulikana? Kwa mionzi ya X, ile inayotumiwa hospitalini kwa kupiga radio. Max von Laue mwaka 1912, na baada yake William Bragg na mwanawe Lawrence, walionyesha kwamba mionzi hiyo ikipita katika fuwele inatawanyika kwa pembe za hakika, kadiri atomu zilivyopangwa. Kila mpango una alama zake, kama kila kidole. Ni njia ile ile inayotumika kutambua mawe ya madini na udongo. Tena kuna pimo jingine la urahisi lakini la lazima: kidonge kinatiwa ndani ya maji yenye joto la mwili, nyuzi 37, maji yanakorogwa taratibu, na kila baada ya dakika fulani wanapima dawa iliyokwisha yeyuka. Tumbo la kioo linasema ambacho molekuli peke yake haisemi.

7. Na sisi?

Padri si mtu wa shimi, wala katekista. Lakini dawa zinapita mikononi mwetu: katika dispansere za masista, katika nyumba za misioni, katika safari za vijijini ambako katekista anaombwa kinini kama vile anavyoombwa ubatizo. Basi yafaa tushike mambo machache.

Kwanza, tununue fasi inayojulikana, ambako kuna mtu wa kujibu: ofisi ya kazi za afya ya jimbo, ao ghala ya dawa inayokubaliwa na Leta. Bei ndogo ya soko si sadaka kwa maskini, ikiwa hatujui chupa imetoka wapi.

Pili, dawa ibaki ndani ya chombo chake. Kumwaga vidonge katika karatasi bila jina ni kuondoa ushuhuda wake. Jina, kipimo, namba ya fungu na tarehe ya mwisho viandikwe. Tena isikae juani wala chini ya bati: joto na maji ya hewa vinaoza hata dawa ya kweli, na hapo hakuna mdanganyifu wa kumshitaki isipokuwa sisi wenyewe.

Tatu, watu wakiugua kwa namna moja, wengi, fasi moja, tuhesabu na kuandika: nani, siku gani, alikula nini, alimeza nini. Vidonge vilivyobaki visitupwe, visichomwe kwa hasira. Vitiwe katika bahasha pamoja na chupa yake, vipelekwe kwa munganga mkuu wa zone ya afya. Katika Ituri kidonge na mkojo ndivyo vilivyosema. Kama wote wangetupa vidonge, ni nani angesema?

Nne, tusiwe wepesi kutaja pepo, wala kuacha watu wataje mlozi. Rituale Romanum ya mwaka 1614 ilikwisha kumwonya padri asisadiki upesi kwamba mtu ameshikwa na pepo, bali atofautishe na magonjwa. Na sheria ya Eklezya, kanuni ya 1172, yakataza kufukuza pepo katika aliyeshikwa bila ruhusa ya Askofu. Onyo hilo halipunguzi imani yetu. Padri anayesema «Tumpeleke kwanza kwa munganga, na kidonge kiende naye» anamwokoa mtoto, na pengine anamwokoa na bibi mzee wa nyumba ya pili, ambaye kesho yake angepigwa mawe ao kuchomewa nyumba bure.

Tano, tuwahubirie wenye kuuza. Mara nyingi tumefundisha juu ya mizani ya uongo, nayo Maandiko Matakatifu yanailaani. Lakini mizani ya uongo sokoni inaiba kiloo ya unga. Kidonge cha uongo kinaiba uzima. Anayekiuza kwa kujua anavunja amri tatu pamoja: amesema uongo, ameiba, ameua. Na anayekiuza bila kutaka kujua, akifumba macho kwa sababu ya faida, asijidanganye kwamba dhamiri yake ni safi. Kutokujua kwa kupenda hakuondoi kosa. Hilo nalo tumejifunza.

Mtu wa shimi anayesimama mbele ya kibao chake, akingoja maji yapande, anafanya kazi ya uvumilivu na ya unyenyekevu. Hasemi dawa ni njema kwa sababu chupa ni nzuri. Haisemi mbaya kwa sababu imetoka nchi fulani. Anaweka nukta ya kweli kando ya nukta asiyoijua, anangoja, anatazama, anaandika alichoona. Sisi tunaoitwa kila siku kuhukumu mambo ya watu, tukienda kumwona mgonjwa wa namna ile ya Ituri, tuanze hivyo: tuulize amemeza nini, na tuombe tuonyeshwe chupa.